Visu Visivyosema

Kisu, kabla hakijakata hata kitunguu, kimeshapigwa kuliko mtu yeyote unayemjua. Kimechomwa mpaka kikawa chekundu, kikalazwa juu ya fuawe, kikatwangwa, kikarudishwa motoni, kikatwangwa tena, halafu kikatumbukizwa kwenye pipa la mafuta kikapiga kelele kama paka aliyemwagiwa uji wa moto. Kinachotoka humo kina kinyongo. Kengele alilisema hilo mara nyingi, wala hakuwa anatania. Kisu kikitoka mikononi mwa kaka yake huwa kina kinyongo, na kazi yake yeye ilikuwa kujua kama kinyongo hicho kitamwangukia ng'ombe au mtu.

Hakuzaliwa na jina la Kengele. Wachinjaji ndio waliombandika, kwa sababu ya namna yake ya kuchagua. Kila kisu kitupu, yaani kisichotiwa mpini bado, alikifunga uzi kwenye mkia, ule ulimi mwembamba wa chuma unaozama ndani ya mpini. Akakining'iniza mbele ya uso wake, akakigonga kwa msumari, akasikiliza. Kisu kizima kililia na sauti yake ikaenda, ikaenda, ikafifia polepole kama mtu anayeondoka huku bado anaongea. Chenye ufa nacho kililia, lakini mwishoni sauti ilikatika, kama mtu aliyezibwa mdomo. Wewe na mimi tungesikia ting na ting, basi. Yeye alisikia mwisho wake.

"Kinasema," angetamka, na kisu kikalala benchini kusubiri mpini.

"Kimekufa," na kisu kikatupwa kwenye ndoo ya vyuma vya kuyeyushwa. Hakuna aliyebisha.

Alitazama pia, bila shaka. Alikiinua kisu usawa wa jicho kama mtu anayelenga bunduki, aone kama mgongo umepinda. Alipitisha tupa kwenye makali. Tupa ikiteleza, chuma kimekomaa. Tupa ikiuma, chuma ni kibichi na kitajikunja kwenye mfupa wa kwanza. Lakini jicho na tupa havijui kitu kuhusu ufa mwembamba kuliko unywele, uliojificha chini ya ule weusi wa moto, pale shingoni ambapo kisu kinaungana na mkia wake. Ufa wa hapo ndio unaoua, na wa hapo ni wa kusikia.

Vilivyopita aliviuguza kama watoto. Alivifuta kwa majivu, akavipaka mafuta, akavifunga kwa kitambaa kikavu, kila kimoja peke yake visije vikagusana makali. Mteja aliyerudisha kisu chenye kutu alikaripiwa mbele za watu. "Ulikirudisha kwenye ala na damu yake? Hujui ngozi inatoa jasho? Umekizika kingali hai, baba." Wachinjaji, watu wanaoangusha fahali kabla ya chai, walisimama pale na kuinamisha vichwa.

Karakana ilikuwa ya mabati, nyuma ya uwanja wa kuuzia mbuzi. Mbele palikuwa na moto, mivukuto ya kupulizia makaa na fuawe. Katikati palikuwa na benchi na kigoda cha baba yao. Nyuma kabisa, ukipita pazia la gunia, palikuwa na chumba cha Kengele: kitanda cha kamba, jiko, sanduku la tupa, na dirisha dogo lililotazama vichwa vya mbuzi. Hapo ndipo kwake. Hakuwa na mume wala mtoto wala mahali pengine pa kuweka kichwa.

Baba yao alimkalisha kwenye kigoda kile akiwa bado msichana, alipogundua kwamba mtoto anasikia kile ambacho yeye mwenyewe alihitaji kukikisia. Miaka ya kukaa ubavuni mwa fuawe ilimla Kengele sikio la kushoto likabaki la kuvalia herini tu. La kulia likabaki zima, na lilitosha. Mzee alipokuwa anakata roho aliwaita wote wawili, mbele ya majirani. Kwa mwanawe wa kiume alisema, "Moto ni wako." Kwa binti yake alisema, "Kigoda ni chako, na chumba cha nyuma, maadamu unasikia. Siku utakayoacha kusikia, mpishe kaka yako. Mtu asikae pale kwa jina tu, akaja kuua watu."

Kaka mtu alilishika neno hilo vizuri sana.

Huyu walimwita Radi. Alikuwa mpana, mwenye mikono iliyojaa makovu ya cheche, na hasira zake hazikuwa na breki. Alimpiga mbwa, alimpiga mkewe, aliwahi kumvunja taya muuza mkaa kwa sababu alimwambia makaa yamekwisha huku anatabasamu. Chuma kilimpenda, lazima tuseme ukweli. Akikamata springi ya lori kwa koleo na kuitwanga, ilinyooka kama inamwogopa. Lakini hakuwa na subira na mwisho wa kazi. Chuma chekundu kinataka mafuta, kipoe kwa adabu. Radi mafuta yakipungua alitumbukiza kisu kwenye ndoo ya maji, na maji hukishtua chuma kikapasuka ndani kwa ndani bila kumwambia mtu. Kengele alivijua visu vya maji kabla sauti haijafika nusu. Kimekufa. Kimekufa. Wateja wakacheka.

"Radi, kumbe fundi ni dada, wewe mtoa moshi tu."

Maneno kama hayo yalimwingia Radi kama mwiba wa samaki, na akayameza, na yakakaa hapo hapo kooni.

Basi machinjio mapya yakafunguliwa ng'ambo ya reli, na msimamizi wake akaagiza visu vya mstari mzima wa wachinjaji. Radi alifua kama kichaa. Mafuta yalimwishia katikati ya kazi, na hakutaka kungoja. Msimamizi alipokuja kuchukua mzigo, mtu mtulivu mwenye kijiti cha meno mdomoni, alikuja na wachinjaji kadhaa, wakajipanga mlangoni kutazama Kengele anavyovigonga.

"Kinasema," alisema Kengele. Halafu, "Kimekufa." Halafu, "Kimekufa." Halafu, "Hiki nacho kimekufa."

Msimamizi alihamisha kijiti upande wa pili wa mdomo. "Radi, leo umetuletea visu au maiti?"

Wachinjaji wakapasuka kicheko. Radi alikuwa amesimama karibu na moto, jasho linamtiririka.

"Rudia hicho," alimwambia dada yake.

"Nimekirudia, kaka."

"Rudia."

Akakining'iniza tena, akakigonga, akasikiliza kwa ustaarabu wote. "Kimekufa, kaka. Umekichovya kwenye maji."

Kofi lilikuja bila kutangulizwa na neno. Kiganja kizima, kiganja cha mtu anayefua chuma, kilimfunika sikio la kulia, na Kengele akaondoka kwenye kigoda akaenda kugonga benchi kwa mdomo. Visu vilimwagika. Tupa ilimchana kidevu. Alipoinuka kwa magoti, uzi wa damu ulikuwa unamtoka ndani ya sikio, unashuka shingoni bila haraka.

Wifi yake, mke wa Radi, alichungulia kutoka uani akaona, akajirudi. Alijua zamu hii si yake na hakutaka iwe. Wachinjaji walitazama viatu. Msimamizi aligeuka akatazama mbuzi waliokuwa wanapita nje, akawatazama kwa makini kama mtu anayetaka kununua.

"Haya," alisema Radi, "Kengele ilie sasa."

Kengele alijifuta kwa upindo wa kanga. Alirudi kwenye kigoda. Ndani ya kichwa chake palikuwa na mlio mmoja mrefu, kama birika lililosahauliwa jikoni, na nyuma ya mlio huo hapakuwa na kitu. Aliokota kisu, akakifunga uzi, akakigonga. Alikiona kinatetemeka. Alikiona, basi.

Hapo alipaswa kusema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Lakini Radi alikuwa amesimama mbele yake, na nyuma yake kulikuwa na pazia la gunia na kitanda chake cha kamba, na maneno ya baba yalikuwa yanamngoja mtu wa kuyatumia.

"Kinasema," alisema.

Akachukua kingine. "Kinasema." Akaenda hivyo mpaka akamaliza, hata vile vya ndani ya ndoo Radi alivitoa akavirudisha benchini, navyo vikasema. Radi alitabasamu. Visu vikatiwa mipini, vikapakwa mafuta, vikafungwa vitambaa, vikaenda ng'ambo ya reli.

Baada ya hapo alijifunza kuishi kwa macho. Alitazama midomo ya watu. Alikaa uso kwa mlango ili mtu asimfikie kwa nyuma. Kazi aliendelea nayo: uzi, msumari, kichwa kuinamishwa kidogo, na akakisia kwa rangi na kwa tupa. Wifi yake alihisi kitu. "Wifi, siku hizi unajibu kama simu mbovu," alimwambia. "Nikikuuliza chumvi unaniletea moto." Kengele alicheka, na wifi akacheka, na hakuna aliyeendelea zaidi. Radi alikuwa ameanza kupima chumba cha nyuma kwa hatua zake, akisema makaa yanalowa nje, yangepata sehemu nzuri ya kukaa.

Siku aliyogundua kitu, Kengele alikuwa anafunga uzi kwenye mpini, mikono yote miwili ina kazi. Kisu kitupu kilichokuwa kinafuata alikibana kwa meno, kwa mkia wake. Aligeuka kuchukua gundi, ncha ya kisu ikagonga ukingo wa benchi.

Fuvu lake lote lililia.

Sauti ilipita kwenye meno ikapanda kwenye taya, ikajaa nyuma ya macho, ikaenda, ikaenda, ikafifia polepole. Udenda ulimtoka, chuma mdomoni. Akachukua msumari akakigonga tena. Ikaja tena. Akachukua kingine, akakibana, akakigonga, nacho kikakatika mwishoni kama mtu aliyezibwa mdomo. Alikitazama shingoni kwa muda mrefu. Kilikuwa kisu cha maji.

Furaha yake haikufika hata kwenye miguu. Akili ilikimbia moja kwa moja ng'ambo ya reli. Vile vyote. Alivipitisha kiziwi, na vilikuwa mikononi mwa watu wanaotia nguvu zote za mwili juu ya kisu. Ilimpasa aende akavirudishe. Lakini aende akasemeje? Aseme nilikuwa sisikii? Radi angemwaga gunia la mkaa juu ya kitanda chake kabla ya jua kuzama. Aseme nasikia kwa meno? Wangemcheka. Alijiambia ataenda kesho. Alikaa kitandani akakitazama chumba kama mgeni anayekiaga, na siku ikapita hivyo. Kulipokucha alipiga moyo konde, akajifunga kanga, akavaa viatu.

Asubuhi hiyo hiyo, ng'ambo ya reli, mchinjaji mmoja waliyemwita Shingo alikuwa anatenganisha nyonga ya fahali. Ni kazi ya kuegemea. Unazamisha kisu kwenye kiungo, unaweka kifua juu ya mkono, unasukuma. Kisu kilikatikia shingoni. Mpini ulibaki na kipande kifupi cha chuma chenye meno, na mkono wa Shingo, ukiwa na uzito wake wote nyuma, uliteleza ukakipanda kipande kile kuanzia kiganja hadi kifundo. Waliokuwepo walisema waliona kano zake nyeupe zikirudi ndani kama minyoo. Vidole vyake vilifunguka na havikufumba tena.

Kengele alikuwa hajafika hata mlangoni alipowaona wanakuja. Waliandamana wakiwa na aproni zao za mpira, damu ya ng'ombe na damu ya mwenzao zimechanganyika, na mbele yao alikuwa mdogo wake Shingo, kijana mwembamba aliyeshika vipande viwili vya kisu. Msimamizi alikuja nyuma, akiburuta gunia. Ndani yake mlikuwa na visu vyote vilivyobaki, maana hakuna mchinjaji aliyekubali kuvigusa.

Radi hakuuliza kitu. Aliziona sura zao, akachomoa koleo lililokuwa motoni na kumpiga wa kwanza shingoni. Ngozi ilichomeka ikanuka. Wa pili alipigwa mbavuni, ubavu ukaitika. Lakini walikuwa wengi, na ni watu waliozoea kuangusha mnyama mwenye pembe. Wakamkata mtama. Wakamkanyaga mgongo, wakampiga ngumi za kichwani kwa utaratibu, bila kelele, kama wako kazini. Jino lake lilikwenda kukaa kwenye majivu. Wifi alitoka uani anapiga yowe, mmoja akamshika kiuno akamweka kando kama kikapu. Halafu wakamwinua Radi, wakamburuta mpaka kwenye fuawe, wakaulaza mkono wake wa kulia juu ya chuma na wawili wakaukalia.

Mdogo wake Shingo aliokota nyundo ya Radi mwenyewe.

"Kaka yangu hatashika tena kijiko," alisema. "Nawe hutashika."

"Si mimi!" Radi alitema damu. "Mimi nafua tu. Anayepitisha ni huyo. Muulizeni huyo."

Wote wakamgeukia Kengele. Alikuwa amesimama kando ya benchi, anafuata midomo yao kwa macho. Msimamizi alichukua vipande vya kisu akamwekea mbele.

"Dada Kengele," alisema. "Sisi tunakuamini. Hiki kilisema, au hakikusema?"

"Mwambie, dada," alisema Radi. Macho yake yalikuwa yamemtoka. "Mwambie kilisema. Mwambie Shingo alikibana vibaya."

Njia ilikuwa imefagiliwa. Neno moja, na kosa lingekuwa la Shingo, mkono wa kaka ungepona, kigoda kingebaki chake na chumba kingebaki chake. Angerudi kukaa na kukisia. Alitazama kwenye kipande cha kisu. Ufa ulionekana sasa, mweusi wa zamani upande mmoja na mng'ao mpya upande mwingine.

"Sijui," alisema. "Sikukisikia. Sikusikia hata kimoja baada ya lile kofi. Vyote hivyo nilivipitisha kiziwi."

Alimgeukia msimamizi.

"Ulikuwepo, mzee. Ulitazama mbuzi."

Msimamizi alikitoa kijiti mdomoni, akakishika, akawa hajui pa kukiweka.

Kitu cha ajabu ni kwamba Radi alicheka. Mkono uko juu ya fuawe, mdomo umejaa damu, na alicheka. "Mmesikia wenyewe. Hasikii! Majirani mko wapi, baba alisemaje? Hama, Kengele. Leo hii hama."

"Funga domo," alisema mmoja wa waliomkalia, akampiga kisogoni, paji likagonga chuma.

Mdogo wake Shingo alikuwa anatazama gunia. "Kwa hiyo vilivyomo humu hakuna anayejua."

Wachinjaji walisogea mbali na gunia kana kwamba limecheza.

"Vileteni," alisema Kengele. "Nitavijua."

"Utavijuaje na umesema husikii?" aliuliza mmoja wa wachinjaji.

"Vileteni, jamani."

Alikaa kwenye kigoda. Alichukua kisu cha kwanza, akaugonga mpini kwenye ukingo wa benchi mpaka ukachomoka, akafuta mkia kwa kanga, akaubana kwa meno. Mtu mmoja alitaka kucheka akaghairi. Mwanamke amekaa na kisu kinachomtoka mdomoni kama ulimi, anakigonga kwa msumari, amefumba macho. Kilikwenda, kikaenda, kikafifia.

"Kinasema," alisema, akakilaza kulia.

Mdogo wake Shingo alimwelewa kabla ya wengine. Uso wake ukabadilika. "Vizuri," alisema. "Basi hesabu iwe hivi. Kila kilichokufa, kidole kimoja cha huyu."

Kengele aliuona mdomo wake ukisema hivyo. Aliona pia Radi akiacha kucheka. Alichukua cha pili. Kilisema. Cha tatu alikibana, akakigonga, na taya lake likasikia sauti ikizibwa mdomo. Akakigonga tena, si kwa sababu hakuwa na hakika. Kando yake alisimama mchuna ngozi mmoja, ameshika mpini uliotoka kwenye kisu hicho, anasubiri kurudishiwa.

"Dada," alisema Radi.

Kengele alikitoa mdomoni. "Kimekufa."

Nyundo ilishuka kwenye kidole kidogo. Hakusikia mlio wa mfupa, wala ukelele, lakini kigoda kilitikisika chini yake, na aliona shingo ya kaka yake ikijaa mishipa. Wifi alijifunika uso. Damu iliruka ikaandika mstari kwenye bati.

Akachukua cha nne. Ncha ya mkia ilimchana ufizi. Kikasema. Cha tano hakikusema.

"Sema kinasema," Radi alikuwa anasihi sasa, na hajawahi kumsihi mtu tangu azaliwe. "Dada yangu. Mtoto wa mama yangu. Kosa langu, nimekosa, sema kinasema, nakuomba."

Alimsoma yote hayo mdomoni, neno kwa neno, maana alikuwa anaongea polepole kwa sababu ya maumivu. Angeweza. Nani angejua? Kisu kingekwenda ng'ambo ya reli na siku moja kingekatikia ndani ya mtu mwingine.

"Kimekufa," alisema, na safari hii machozi yalimtoka pamoja na damu ya ufizi.

Nyundo ilishuka kwenye kidole cha pili, ikakosea, ikaponda na kucha ya cha tatu. Radi alitapika juu ya fuawe. Wale wawili waliomkalia hawakuhitaji tena kumkalia. Mmoja wao alikuwa amegeuza uso.

Cha sita nacho kilikuwa cha maji.

"Kimekufa."

Mdogo wake Shingo aliinua nyundo. Aliutazama mkono ule, nyama ile, kucha ile iliyosimama wima. Labda aliuona mkono wa kaka yake. Nyundo ikakaa juu, ikakaa, halafu akaiachia ikaanguka kwenye mchanga karibu na mguu wake.

"Aokote mwingine," alisema. "Mimi basi."

Hakuna aliyeokota. Radi aliteremka taratibu akakaa chini, ameukumbatia mkono kama kifaranga. Wachinjaji walijifuta mikono kwenye aproni. Watu wangedhani mambo yameishia hapo, lakini Kengele hakuinuka. Alichukua cha saba akakichomoa mpini. Hakuuliza kama hesabu bado inaendelea. Aliuma, aligonga, alilaza kulia au alilaza kushoto, na kila alipotamka "kimekufa" Radi aliruka, na hakuna aliyemgusa. Alipomaliza gunia, midomo yake ilikuwa imechanika. Vya kulia alivifuta, akavipaka mafuta, akavirudishia mipini mmoja baada ya mwingine. Vya kushoto vilikuwa vingi zaidi.

Msimamizi alivifunga vya kulia mwenyewe. Alisimama mbele ya Kengele mahali ambapo angeona mdomo wake.

"Machinjio hayatapokea kisu ambacho hakijapita kwenye meno yako," alisema. "Atakayefua atafua. Kikija bila wewe, kinarudi." Alitaka kuongeza kitu kuhusu ile siku ya mbuzi, ilionekana. Badala yake alibeba visu vyake akaondoka.

Vidole vya Radi vilipona vimepinda, kimoja kimekwenda huku, kingine kule. Alifunga kitambaa kwenye mpini wa nyundo ili isimtoroke, akarudi motoni, mkewe akivuta mivukuto. Aliligeuzia kisogo benchi mchana kutwa, akafua, akachovya kwenye mafuta, na kisu cha kwanza kutoka akaja kukiweka mbele ya Kengele kwa mkono wa kushoto, kikiwa bado na joto. Akasimama.

Kengele aliubana mkia kwa meno. Aligonga. Alisikiliza kwa muda mrefu, kuliko muda wowote, kwa sababu yeye pia alitaka kiwe kizima.

"Kimekufa, kaka," alisema.

Mkono wa Radi uliinuka. Ulifika usawa wa bega, kiganja kimefunguka, vile vidole viwili vimekataa kunyooka na vingine. Wifi aliacha mivukuto. Kengele hakuinama, wala hakujikinga. Alichukua kisu kingine kilichokuwa benchini, akakiweka mdomoni, akamtazama kaka yake machoni, chuma kikiwa kimemlenga yeye kifuani.

Mkono ulikaa juu pale. Halafu ukaenda ukutani, ukachukua koleo. Radi alikichukua kisu kilichokufa, akakirudisha motoni, akamwambia mkewe avute.